Moshi Unapovuka Mpaka: Somo Kutoka Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia

Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1997 wanaikumbuka El Niño kwa mafuriko. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa, na hadi leo neno hilo likitajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa watu huanza kukagua mitaro na mapaa. Wasichojua wengi ni kwamba El Niño hiyo hiyo iliwafikia watu wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi kwa sura tofauti kabisa. Kule Indonesia mvua ilikosekana. Misitu ikakauka, moto uliowashwa ili kusafisha mashamba ukawashinda waliouwasha, na moshi ukavuka bahari hadi Malaysia, Singapore, Brunei, kusini mwa Thailand na sehemu za Ufilipino. Katika jimbo la Sarawak nchini Malaysia, kipimo cha uchafuzi wa hewa kilipita 800 mwezi Septemba mwaka huo, ilhali 300 tayari ni kiwango cha hatari. Serikali ilitangaza hali ya dharura na watu wakaambiwa wasitoke nyumbani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanaiweka hasara ya kanda nzima kwenye dola bilioni 9 za Marekani.

Moshi wa kuvuka mpaka unaweza kuonekana kuwa jambo la mabalozi na mawaziri, lisilomhusu mkazi wa wadi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa, pamoja na huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kaunti kama Busia, Bungoma, Trans Nzoia, Migori, Narok, Kajiado, Taita Taveta na Kwale zinapakana na nchi jirani, na moto unaowashwa upande mmoja hauna kizuizi chochote cha kuuzuia usiende upande wa pili. Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia zimehangaika na tatizo hili kwa miaka zaidi ya 25. Zina mkataba, zina setilaiti, zina sheria kali, na bado moshi umerudi mara kadhaa. Yaliyozifaulia na yaliyozishinda yote yanafaa kusomwa hapa.

Udongo unaowaka

Anayefikiria moto wa msituni huona miti inayoungua. Katika visiwa vya Sumatra na Borneo, moto mbaya zaidi uko chini ya miti. Sehemu kubwa ya nyanda za huko ni kinamasi chenye udongo wa mboji: tabaka la majani, mizizi na magogo yaliyozama majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Mahali pengine tabaka hilo lina kina cha mita 10 au zaidi. Likiwa limelowa, haliungui. Likikauka, ni kuni.

Na lilikaushwa kwa makusudi. Ili kupanda michikichi ya mawese au miti ya kutengenezea karatasi, ni lazima maji ya kinamasi yaondolewe, na njia ya kuyaondoa ni kuchimba mifereji. Mfano mkubwa kuliko yote haukuwa wa kampuni bali wa serikali yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, Rais Suharto aliamuru hekta milioni moja za kinamasi katika Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga ili nchi ijilishe. Mifereji ya maelfu ya kilomita ilichimbwa, miti ikakatwa, na familia nyingi zikahamishiwa huko kulima. Mpunga haukustawi kwenye udongo ule wenye asidi. Mradi uliachwa baada ya miaka michache, lakini mifereji ilibaki wazi ikiendelea kunyonya maji mchana na usiku. Mwaka 1997 eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua vibaya zaidi, na limeungua tena mara kadhaa tangu hapo.

Moto wa mboji una tabia mbaya. Huenda chini kwa chini, hutokeza mbali na pale ulipoanzia, na unaweza kuendelea kwa wiki nyingi baada ya miali ya juu kuzimwa. Maji ya ndege au ya gari la zimamoto huishia juu tu. Kwa kawaida kinachouzima kabisa ni mvua ya msimu. Kwa kuwa huwaka polepole bila hewa ya kutosha, hutoa moshi mwingi sana kuliko moto wa nyasi kavu, na moshi huo ni mzito na wa rangi ya njano au kijivu.

Upepo ndio unaokamilisha safari. Wakazi wa Pwani ya Kenya wanajua kusi na kaskazi, na wanajua miezi ya kila mmoja. Watu wa Singapore na Malaysia wana pepo za msimu za aina hiyo hiyo. Kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo Sumatra huwa kavu, upepo wao huvuma kutoka kusini-magharibi. Ukiangalia ramani, kusini-magharibi ya Singapore ni Sumatra. Kwa hiyo mkulima wa Sumatra akiwasha shamba mwezi Agosti, upepo tayari umeelekea kwa jirani.

Kinachoingia mapafuni

Moshi unaowasha macho ndio unaoonekana, ila ulio hatari zaidi ni ule usioonekana. Wataalamu hupima chembechembe zenye upana wa maikromita 2.5 au chini yake. Unywele mmoja wa binadamu ni mpana kuliko chembe hizo mara 20 hadi 30. Kwa udogo huo, hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huchochea pumu, nimonia, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, linashauri kwamba wastani wa saa 24 usipite maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kitambaa au barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii chembe hizi ipasavyo.

Mwaka 2015 ulionyesha maana ya takwimu hizo. El Niño kali ilirudi, na nchini Indonesia takriban hekta milioni 2.6 ziliungua, eneo kubwa kuliko Kaunti nzima ya Kajiado. Katika mji wa Palangka Raya, Kalimantan, kipimo kilifika karibu 2,000. Shule zilifungwa, watoto wachanga wakahamishwa pamoja na mama zao, na zaidi ya watu 500,000 walitibiwa maradhi ya kupumua. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Indonesia peke yake ilipata hasara ya dola bilioni 16, zaidi ya mara mbili ya gharama ya kujenga upya Aceh baada ya tsunami ya 2004. Watafiti wa vyuo vikuu vya Harvard na Columbia walikadiria vifo vya mapema takriban 100,000 katika Indonesia, Malaysia na Singapore, vingi kati ya hivyo vikiwa Indonesia. Serikali husika zilipinga hesabu hiyo. Lakini hata anayeipinga hawezi kusema kwamba moshi ulimuumiza jirani tu. Aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa karibu na moto, ndani ya nchi yake mwenyewe. Jambo hili husahaulika nchi zinapoanza kulaumiana, nalo ndilo msingi wa ushirikiano wowote wenye maana: nchi inayotoa moshi haizimi moto ili kumfurahisha jirani, inazima kwa ajili ya watoto wake.

Mkataba ambao mwenye moto hakuutia saini ya mwisho

Wazo kwamba nchi haipaswi kuacha moshi wake umdhuru jirani si geni. Mwaka 1941 jopo la usuluhishi liliamua hivyo katika kesi kati ya Marekani na Kanada, kuhusu kiwanda cha kuyeyusha madini katika mji wa Trail ambacho moshi wake uliharibu mashamba ya upande wa Marekani. Ugumu uko katika kulitekeleza.

Jumuiya ya Mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ASEAN, iliundwa mwaka 1967 kwa desturi ya kutoingiliana. Mambo ya ndani ya nchi ni ya nchi hiyo, na maamuzi hufikiwa kwa makubaliano ya wote. Desturi hiyo ilisaidia nchi ambazo muda mfupi nyuma zilikuwa karibu kupigana zikae meza moja. Kwa upande wa moshi ilikuwa mzigo. Mwaka 1995 nchi hizo zilikubaliana mpango wa kushirikiana, na baada ya janga la 1997 zikaandika mpango mwingine wa utekelezaji. Mnamo Juni 10, 2002, huko Kuala Lumpur, zilitia saini Mkataba wa ASEAN kuhusu Uchafuzi wa Ukungu wa Moshi Unaovuka Mipaka. Ulianza kutumika Novemba 2003 baada ya nchi sita kuuridhia.

Indonesia haikuwa miongoni mwa hizo sita. Ilitia saini mwaka 2002, lakini bunge lake halikuuridhia hadi Septemba 2014, miaka 12 baadaye, ikiwa ya mwisho kati ya wanachama wote 10. Kwa miaka hiyo yote mkataba wa moshi uliwafunga waliopokea moshi na kumwacha huru aliyeutoa. Wabunge wa Indonesia walikuwa na hoja zao, na baadhi zilikuwa na uzito. Waliuliza kwa nini majirani wanataka msaada kuhusu moshi lakini hawasaidii kuzuia magogo yanayokatwa kinyume cha sheria na kuuzwa ng'ambo. Waliona pia kwamba kukubali mkataba ni kukubali lawama.

Mkataba wenyewe hauna meno makali. Unazitaka nchi zizuie moto, zifuatilie hali, zipeane habari na zisaidiane kuzima, lakini hautaji faini wala fidia, na mgogoro ukitokea hutatuliwa kwa mazungumzo. Nchi inayotaka kusaidia haiwezi kupeleka ndege zake bila ridhaa ya nchi yenye moto. Mwaka 2015, moto ukiwa umeshika kwa majuma kadhaa, Indonesia kwanza ilikataa msaada wa Singapore, kisha ikaukubali mwezi Oktoba. Kituo cha kuratibu kilichotajwa katika mkataba kilikaa zaidi ya miaka 20 kabla nchi hazijakubaliana vya kutosha kukianzisha kikamilifu.

Hata hivyo si haki kusema mkataba haukufanya lolote. Kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichoko Singapore, kilichoanzishwa 1993, hutumia setilaiti kutambua sehemu zenye joto lisilo la kawaida na kutoa tahadhari kwa nchi zote. Mawaziri hulazimika kukutana kila mwaka na kutazamana usoni. Na mwaka 2013, baada ya moshi kuifikisha Singapore kwenye kipimo cha 401 na mji wa Muar nchini Malaysia kupita 700, Rais Susilo Bambang Yudhoyono wa Indonesia aliomba radhi hadharani kwa nchi hizo mbili. Katika siasa za kanda ile, radhi ya namna hiyo haikuwa jambo dogo, na baadhi ya watu nyumbani walimlaumu kwayo.

Nani alishika kiberiti?

Swali hili lilizivuruga nchi hizo kuliko jingine lolote. Jibu rahisi lilikuwa ni mkulima mdogo. Kuchoma shamba ni rahisi, ni haraka, na majivu huupa udongo nguvu kwa msimu mmoja au miwili. Sheria ya mazingira ya Indonesia ya 2009 iliruhusu familia inayofuata mila kuchoma hadi hekta mbili, kwa masharti ya kuzuia moto usienee. Familia hizo zimekuwa zikichoma kwa vizazi vingi, na ukungu wa moshi wa kufunga viwanja vya ndege haukuwepo zamani hizo. Haukuwepo kwa sababu kinamasi kilikuwa bado na maji.

Jibu la pili lilikuwa ni kampuni kubwa zenye vibali vya michikichi na miti ya karatasi. Hapo hadithi iligeuka, kwa sababu mitaji ya nyingi kati ya kampuni hizo ilitoka Malaysia na Singapore, nchi zile zile zilizokuwa zikilalamika. Indonesia haikuchoka kuwakumbusha. Hata Kenya ina sehemu yake ndogo katika mnyororo huu: mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa madukani nchini hutengenezwa kwa mawese kutoka Malaysia na Indonesia.

Setilaiti inaweza kuonyesha moto uko wapi kwa usahihi wa mita mia chache. Haiwezi kusema shamba ni la nani. Kwa hilo zinahitajika ramani za vibali, na ramani hizo serikali hazikutaka kuzitoa. Mwaka 2013 viongozi wa ASEAN walikubali kuwa na mfumo wa pamoja wa ufuatiliaji, kisha Indonesia na Malaysia zikasema sheria zao haziruhusu ramani hizo kuwekwa wazi kwa wengine. Mfumo ukabaki na macho bila majina. Pale ramani zilipopatikana kwa njia nyingine, mara nyingi zilipishana: shamba moja lilikuwa na kibali cha kampuni, dai la kijiji, na mkulima aliyenunua kipande kwa mtu wa tatu. Anayejua migogoro ya mipaka ya mashamba nchini Kenya hatashangaa.

Singapore iliamua kutosubiri. Mwaka 2014 ilitunga sheria inayoweza kuishtaki kampuni yoyote, hata iliyoko nje ya nchi, ikiwa moto wake umeleta moshi Singapore. Faini ni hadi dola 100,000 za Singapore kwa siku, na jumla isizidi milioni mbili. Mwaka uliofuata ilizipelekea kampuni kadhaa notisi za kuzitaka zieleze zinafanya nini kuzima moto, na maduka makubwa yakaondoa bidhaa za karatasi za kampuni moja kutoka rafuni. Indonesia ililalamika kwamba jirani anavuka mipaka ya mamlaka yake. Kuthibitisha kesi bila ushahidi kutoka eneo la moto kulibaki kugumu, lakini wakurugenzi walianza kuulizwa maswali na benki zao, jambo ambalo mkataba wa mawaziri haukuwahi kulifanya.

Ndani ya Indonesia nako mahakama ziliamka. Mwaka 2014 kampuni moja ya michikichi mkoani Aceh iliamriwa kulipa rupia bilioni 366 kwa kuchoma kinamasi. Wananchi wa Kalimantan ya Kati waliishtaki serikali yao kwa kushindwa kuwalinda dhidi ya moshi wa 2015, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Serikali iliomba uamuzi upitiwe upya, na mwaka 2022 ikashinda. Wananchi hao walipoteza, ila kesi yao ilikuwa imewekwa wazi kwa miaka kadhaa mbele ya nchi nzima.

Mkoa kwa mkoa, kijiji kwa kijiji

Sehemu ya habari hii yenye manufaa makubwa zaidi kwa serikali za ngazi ya chini haitajwi sana. Mwaka 2007, wakati Indonesia bado haijaridhia mkataba, Singapore ilikubaliana na mkoa wa Jambi huko Sumatra kufanya kazi pamoja katika wilaya moja, Muaro Jambi. Maafisa wa wilaya walifundishwa kusoma picha za setilaiti. Vituo vya kupima hewa na hali ya hewa viliwekwa. Wakulima walifundishwa kusafisha shamba bila moto, na wengine kufuga samaki katika maji ya kinamasi, ili maji yenyewe yawe na faida kwao. Malaysia ilifanya mpango wa namna hiyo na mkoa wa Riau. Mipango hiyo ilikuwa midogo na ya muda. Ule wa Jambi ulimalizika 2011. Lakini ilithibitisha kwamba wilaya inaweza kushirikiana na nchi jirani, kwa baraka za serikali kuu, hata pale ambapo miji mikuu bado inavutana.

Ngazi ya kijiji ina vikundi vya kujitolea vya kuangalia moto, ambavyo huzunguka kwa pikipiki miezi ya kiangazi, wakiwa na pampu ndogo na simu. Wao hufika kabla ya zimamoto, na moto wa mboji ukikutwa siku ya kwanza unazimika. Mkoani Riau kampuni moja ya karatasi ilianza kuvipa vijiji vilivyomaliza msimu bila moto hadi rupia milioni 100 kwa ajili ya mradi wa kijiji, kama vile barabara au maji. Mtu anaweza kuuliza kama ni sawa kampuni iliyokausha kinamasi kumpa mwanakijiji zawadi kwa kutowasha kiberiti. Swali ni la haki. Hata hivyo mkulima aliyeambiwa tu "usichome", bila trekta wala pesa za vibarua, atachoma usiku.

Baada ya 2015, Rais Joko Widodo aliunda wakala maalumu wa kurejesha maeneo ya mboji, ukipewa lengo la hekta milioni mbili. Kazi yake kuu ilikuwa ya kawaida kabisa: kuziba mifereji kwa magogo na udongo ili maji yarudi. Mboji iliyolowa haihitaji zimamoto. Kazi hiyo haijakamilika. Mwaka 2019 takriban hekta milioni 1.6 ziliungua na Malaysia ikafunga shule nyingi. ASEAN ilikuwa imejiwekea lengo la kanda isiyo na moshi kufikia 2020, na lengo halikufikiwa. Mwaka 2023 El Niño ilirudi na kuunguza zaidi ya hekta milioni moja, pungufu ya nusu ya eneo la 2015. Kuna wanaosema tofauti hiyo ni matunda ya mifereji iliyozibwa, na wengine wanasema kiangazi hakikuwa kikali vile. Huenda yote mawili ni kweli. Lengo jipya ni 2030.

Upande wa bara, Thailand, Laos na Myanmar zina tatizo lao, ambalo halihusu mboji bali mabua ya mahindi, miwa na nyasi za milimani, hasa kati ya Februari na Aprili. Nchi hizo tatu zina mpango wa pamoja wa 2024 hadi 2030. Hatua moja ya Thailand inastahili kuangaliwa na wakulima wa magharibi mwa Kenya: serikali ililipa ruzuku ya baht 120 kwa kila tani ya miwa iliyovunwa mibichi bila kuchomwa. Kuchoma miwa kunapunguza kazi ya kukata, na asiyechoma anahitaji kufidiwa kwa jasho la ziada.

Huku kwetu

Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, kwa mujibu wa picha za setilaiti. Moto huo huhama na msimu. Kuanzia Desemba hadi Februari huwa mwingi Sudan Kusini na maeneo jirani. Kati ya Juni na Septemba huhamia Kongo, Angola, Zambia na Tanzania. Mwingi ni wa nyasi, unaopita haraka na kutoa moshi mdogo kuliko wa mboji, na wafugaji wamekuwa wakiutumia kwa hekima tangu zamani kuotesha malisho na kupunguza kupe. Lakini milima na mbuga za mpakani zina misitu isiyovumilia moto. Mlima Elgon uko Kenya na Uganda. Tsavo inapakana na Mkomazi ya Tanzania. Mlima Kilimanjaro uliwaka Oktoba 2020, na miteremko yake ya kaskazini inaelekea Kajiado na Taita Taveta.

Afrika Mashariki haikuanzia sifuri. Oktoba 2008, mawaziri na wawakilishi wa nchi za kanda, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikutana Nairobi na kupitisha Makubaliano ya Mfumo wa Kanda ya Afrika Mashariki kuhusu Uchafuzi wa Hewa. Yanagusa magari, viwanda na uchomaji wa wazi. Kama yale ya ASEAN, hayana adhabu. Tofauti na ya ASEAN, wananchi wachache sana wamewahi kuyasikia, na hakuna mwaka wa moshi uliowalazimisha mawaziri kuyarudia. Inawezekana kanda hii ikapata bahati ya kufanya kazi kabla ya janga, au ikangoja mwaka wake wa 1997.

Vikundi vya vijana, vyama vya wakulima na mabaraza ya wadi yanayotumia makala haya kwa mafunzo yanaweza kuanza na maswali yaliyo karibu. Ni miezi gani moto huwashwa zaidi katika wadi, na upepo wa miezi hiyo unavuma kuelekea wapi? Mkulima anayesafisha ekari moja bila kuchoma anatumia pesa ngapi zaidi, na nani angeweza kumsaidia: ushirika, kiwanda, au bajeti ya wadi inayojadiliwa katika vikao vya ushiriki wa umma? Kwa wanaoishi mpakani kuna swali moja zaidi, linaloweza kujibiwa kabla kikao hakijaisha. Moto ukionekana leo jioni ukija kutoka ng'ambo, je, chifu au mzee wa nyumba kumi ana nambari ya simu ya mwenzake wa upande wa pili?